Kozi ya nahau za Kiingereza za kazi na muda: lipia darasa, desa waachie wenyewe

Naanza na jibu maana najua wengi mnataka hilo tu: inalipa, ila sio kwa sababu wanayoitangaza. Wao wanajinadi na "misamiati 500 ya kazi na muda, utatema yai kama umezaliwa London", na hiyo 500, lile desa lao la pdf, ndo kitu kibovu kuliko vyote walivyonavyo, ntafika huko. Kizuri ni darasa lenyewe la jioni, lile la Zoom, na hasa ukimpata ticha wa kike ambaye akianza kuongea unajua kabisa huyu kafanya kazi ofisini na wazungu, hakuishia vitabuni. Jina la kozi sitaji, ni kikundi kidogo cha walimu wawili hapahapa Dar, anayeijua ashaijua.

Ieleweke kwanza sio kozi ya kuanzia. Kama bado unachapia kwenye he na she kaa pembeni kwanza, hii ni ya watu wa B2 (kiwango cha kati juu) wanaotaka kusogea C1 (kiwango cha juu), yaani mtu ambaye taarifa ya habari anaielewa vizuri tu lakini akiingizwa kwenye mitingi na wenye lugha yao anabaki anatabasamu na kutingisha kichwa. Darasani kwetu kulikuwa na wauguzi wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, vijana wanaohudumia wateja wa kampuni za nje kwa simu na chati (mimi niko kundi hilo), mzee mmoja mstaafu ambaye sijui alifuata nini lakini alikuwa burudani, na mbeba boksi mmoja yuko Marekani, sisi tukiwa saa 2 usiku kwake ni mchana, anaingia kwenye mapumziko ya chakula na unasikia makelele ya ghala nyuma yake. Bei ni 45,000 kwa mwezi, vipindi viwili kwa wiki, unalipa kwa simu unaingizwa kundi la WhatsApp, bando la kwako mwenyewe.

Sasa ticha anavyofundisha. Hakupi orodha. Anakuwekea kwenye skrini imeili fupi ya mistari miwili mitatu alafu anakaa kimya. Kipindi kimoja aliweka sentensi moja tu, "Next Wednesday's meeting has been moved forward two days", akauliza, haya mkutano ni siku gani? Darasa likagawanyika palepale, wengi Ijumaa, wengine Jumatatu, watu wanabishana mpaka sauti zinagongana, mbeba boksi anaapa ni Ijumaa, muuguzi mmoja anamwambia wewe utafika wenzako washamaliza na chai washakunywa. Ticha akacheka akasema tulieni, wenye lugha wenyewe wanagawanyika hivihivi, watafiti wa saikolojia ya lugha washaijaribu sentensi hiyohiyo kwa watu waliozaliwa na Kiingereza na wengine walisema Jumatatu wengine Ijumaa, inategemea kichwani mwako ni wewe ndo unatembea kuufuata muda au ni muda ndo unakuja ulipo. Alafu akatuonyesha kwa nini sisi wengi tulikimbilia Ijumaa, kwetu ukisema kikao kimesogezwa mbele umeahirisha, hamna mtu anaelewa vingine. Akamalizia na kitu cha kufanyia kazi kesho yake: "bring forward" haina utata, ni kuwahisha, "put back" ni kuahirisha, ila ukikutana na "moved forward" usijitie ujuzi, jibu na siku na tarehe, "just to confirm, Friday the 14th?", basi, hakuna atakayekuona mjinga.

Hapohapo akachomekea "table". Mwingereza akisema "let's table this" anataka hoja iletwe ijadiliwe sasa hivi, Mmarekani akisema hivyohivyo anataka iwekwe kando muizungumzie siku nyingine au msiizungumzie kabisa. Sisi Bunge letu limefuata mtindo wa Uingereza ndo maana mnasikia "hati za kuwasilisha mezani", kwa hiyo Mtanzania mwenye mteja wa Chicago anaweza akajiandaa usiku kucha kwa hoja ambayo mwenzake keshaizika. Na "half five" ya Mwingereza ni saa 11 na nusu jioni kwa hesabu yetu, usiende saa 10 na nusu ukakaa kwenye korido. Vitu kama hivi huvipati kwenye orodha za "idioms za kukuza Kiingereza chako", na ndivyo vinavyomgharimu mtu kazini.

Kipindi cha "at the eleventh hour" nacho kilikuwa kitamu aisee. Ticha akauliza hiyo saa ya kumi na moja ni saa ngapi, vijana wote saa 5 usiku, wanajieleza kabisa kwamba si imebaki saa moja siku iishe. Yule mzee akawasha maiki, akakohoa, akasema hapana wanangu, hiyo ni saa 11 ya kwetu, ya jioni, someni Mathayo 20. Na mzee alikuwa sawa. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja anakuta watu bado wamesimama hawana kazi anawabeba na wao, jioni wote wanalipwa dinari mojamoja na wale walioungua na jua kutwa nzima wananuna. Saa za humo zinahesabiwa kuanzia jua kuchomoza, kama tunavyohesabu sisi mpaka leo, kwa hiyo Mswahili anaipata hii nahau kirahisi kuliko Mwingereza mwenyewe ambaye saa yake ya mkononi ikisoma 11 keshavaa pajama. Ticha akamshukuru mzee, akauliza kitaa tunasemaje, mtu akajibu "dakika za lala salama", kama watangazaji wa mpira, darasa zima likaelewa.

Na huo mchezo wa kitaa ndo nilioupenda kuliko yote. Kabla hajakupa nahau ya Kiingereza anakutajia hali alafu anataka useme kwanza unavyoongea ukiwa kijiweni. Fundi kaharakisha kazi, kapunguza saruji, kapaka rangi juu juu ili awahi kwingine? Kalipua. Haya, "cut corners". Mwenzako akiona mzigo unashushwa anaenda chooni? Anategea, na Mwingereza ana "skive" ambayo Mmarekani hatumii, yeye atasema "slack off". Ripoti imekaa mwezi mzima watu wanaifanya usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha? Kazi ya zimamoto, hapo akatoa "last-minute rush" na "race against the clock". Umeajiriwa lakini jioni una mishemishe zako? "Side hustle", na kama mwajiri wako hajui basi ni "moonlighting", ambayo inanukia kujificha kidogo kwa hiyo usiiandike kwenye sivii. Ukifundishwa hivi neno linakaa kwa sababu hali yenyewe unaijua, umeiishi, kilichokuwa kinakosekana ni jina lake tu upande wa pili.

Kwenye kutoka kazini alitumia kipindi kizima na alikuwa mkali kweli. Anasema hapa ndo watu wanajiharibia usaili. "I was fired" maana yake ulifanya kosa wakakufukuza, kitaa tunasema ulipigwa chini, au kama ulikuwa kigogo serikalini ulitumbuliwa. "I was laid off" ni kampuni imepunguza watu, wewe huna kosa. Uingereza kwa hilo la pili watasema "I was made redundant", neno ambalo likisikika vibaya sikioni lisikutishe, halina tusi ndani yake, tena mara nyingi linaendana na malipo ya kuagwa. Jamaa mmoja wa darasani tawi la kampuni yao lilifungwa lote, watu wote wakarudi nyumbani, na yeye kila usaili alikuwa anasema "fired" kwa ujasiri mkubwa! Ticha alimuuliza taratibu, kaka, uliiba? Tulicheka lakini jamaa aliandika.

Alafu kuna maneno ya mkataba, haya hayana mbwembwe ila ni hela. "Time and a half" ni malipo ya muda wa ziada, saa moja inalipwa kama moja na nusu, na hicho ndo kiwango cha chini hata kwenye sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini ya 2004. "Time off in lieu" hulipwi, unapewa mapumziko badala ya hela. "Gardening leave" wala sio likizo ya kulima, umeshatoa notisi au umepewa, wanakulipa mshahara wako lakini hawataki uonekane ofisini wala uende kwa mshindani wao mpaka notisi iishe. Na ile ya "in your own time", hii ndo tamu, bosi akikwambia "do it in your own time" inaweza kuwa fanya taratibu usijichoshe, au inaweza kuwa fanya ukishatoka kazini na usitegemee malipo, sauti na mazingira ndo vinakwambia ni ipi. Ticha alituchezea odio mbili za sentensi hiyohiyo, ya kwanza mtu anaongea polepole na mwanafunzi wake, ya pili meneja kakuta mtu anaangalia mpira kwenye simu. Huhitaji tafsiri.

Stori ya "deadline" nayo aliitendea haki. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kambi ya wafungwa wa vita ya Andersonville huko Georgia, ndani ya ukuta wa magogo kulikuwa na uzio mwingine mwepesi wa fito, ukiugusa au kuuvuka mlinzi anakupiga risasi, huo ndo ulioitwa "dead line". Karibu wafungwa 13,000 walikufa kambini humo, wengi kwa njaa na magonjwa, na mkuu wa kambi Henry Wirz alinyongwa Novemba 1865. Neno likaja kuhamia kwenye magazeti, habari iwe imefika kabla ya saa fulani, na sasa tunalo kwenye kila imeili. Tangu siku hiyo kwenye kundi letu mtu akichelewesha homuweki anaambiwa kavuka fito.

Haya tuje kwenye ubovu, na upo. Hilo desa la pdf la misamiati 500. Aisee. Ukilifungua unaona kabisa mtu kakusanya huku na kule akabandika, hajapanga, hajachuja. Kuna "a stitch in time saves nine" imewekwa eti ya kutumia kwenye mitingi, nani anaongea hivyo kazini leo, hiyo ni methali ya bibi yako akikuonya, ukiisema kwenye Zoom na mteja wa miaka 28 atadhani unamsomea shairi. Haionyeshi ipi ni ya Uingereza na ipi ya Marekani, haisemi ipi ni ya rafiki tu na ipi unaweza kumwandikia mkurugenzi, na hilo kwa nahau ndo kila kitu. "I'm snowed under", yaani kazi zimekuelemea, unamwambia mwenzako fresh, lakini "I'm up to my eyeballs", maana ileile, kwenye barua rasmi ya kuomba kuongezewa muda ni kujiaibisha. Kamusi ya Cambridge ya mtandaoni ni bure na nahau zinawekewa alama, ya mazoea, ya kizamani, ya Uingereza, ya Marekani, walishindwa nini kuiga hata hicho?

Na kuna stori za kijiweni humo. "Graveyard shift", ile zamu ya usiku wa manane, desa linasema ilitokana na watu kuzikwa hai zamani ikabidi wafungiwe kamba ya kengele kaburini na mtu akeshe makaburini kusikiliza. Stori tamu sana, imezunguka kwenye intaneti miaka na miaka, watu wanaofuatilia asili ya maneno washaikataa, sababu ni nyepesi tu, usiku wa manane kumetulia kama makaburini na wewe uko kazini, basi. Ticha wa kike alipoulizwa akasema wazi msiisome hiyo, maana yake hata yeye hilo desa halikubali. Yule ticha mwingine wa kiume sasa ndo analipenda, vipindi vyake anashea pdf anasoma namba 112, namba 113, namba 114, mnarudia kwa pamoja kama chekechea, nusu ya darasa wamezima kamera na wako jikoni. Kama ungelipia hicho tu ningekwambia hela yako kanunulie bando.

Maana ukiwa na bando na nidhamu, bure ipo. BBC Learning English, hawa wamekuwa wakifundisha Kiingereza kwa dunia tangu 1943, wana kipindi chao cha 6 Minute English, kila kimoja kina maneno sita na maandishi yote ya mazungumzo unaweza kusoma huku unasikiliza, na wana The English We Speak, dakika chache tu nahau moja, mifano mitatu minne, imeisha. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo unamaliza hata vinne. Mimi kwa kusikia naviweka juu ya kozi nyingi za kulipia mjini hapa. Ila redio haikusikilizi wewe, na kwenye nahau mtu anatakiwa akusikilize kwa sababu makosa yake ni madogo madogo mno, neno moja likibadilika imekufa. "Call it a day", yaani tuishie hapa kwa leo, ukisema "call it the day" unaeleweka lakini kila mtu amesikia. "On time" na "in time" nazo, ya kwanza ni kwa ratiba, ya pili ni kabla mambo hayajaharibika, gari la wagonjwa tunataka lifike "in time", treni ya SGR tunataka iondoke "on time". Ticha wa kike anakukatisha hapohapo, bila kukudhalilisha, unarudia mara mbili mnaendelea. Hiyo ndo 45,000 yako inakokwenda.

Kwa mnaofukuzia IELTS, sikilizeni hapa kidogo maana wauguzi wengi wanajiunga wakiamini watapewa nahau za kumwaga. Ni kweli vigezo vya kuongea vilivyowekwa wazi, ukifika bendi ya 7, vinataja msamiati usio wa kila siku na nahau, na baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka 7 kwa jumla, kwenye kuandika tu wanakubali 6.5. Lakini vigezo hivyohivyo vinaongelea kujua mtindo na maneno yanayokaa pamoja. Mtihani wa kuongea ni dakika 11 mpaka 14 tu, ukimiminia humo "burn the midnight oil", "time flies", "in the nick of time" mfululizo mtahini anajua kabisa umekariri. Sheria ya ticha wetu ni kwamba nahau mpya isikie kwa watu watatu tofauti kwanza, kwenye filamu, kwenye mitingi, popote, ndo uithubutu mdomoni mwako, kabla ya hapo kazi yako ni kuielewa tu. Nakubaliana naye asilimia zote na ndo maana nasema kozi inauzwa kinyume, wanatangaza kutema wakati wanachofundisha vizuri ni kusikia. Mimi nilichovuna ni kwamba mteja akisema "let's circle back at close of play" naelewa anataka jibu leo kabla ofisi yao haijafungwa, na namjibu kwa Kiingereza changu cha kawaida, "I'll send it by 5 pm your time", na kazi inaenda.

Odio za kwenye kundi la WhatsApp ni nzuri ila zinazama, watu wanatumiana heri za siku ya kuzaliwa katikati ya masomo, wangefungua kundi la pili la masomo tu. Marekodi ya vipindi wanatoa lakini uombe, hawatumi wenyewe. Rudisha hela hakuna, nilimuuliza anayepokea malipo akanijibu na emoji ya kucheka.

Ukitaka kujiunga, kabla ya kutuma hela omba rekodi ya kipindi kimoja cha ticha wa kike uisikilize, wanatoa bila shida. Alafu ng'ang'ania uwekwe kundi la saa 2 usiku, ndo lake. Lile la saa 12 jioni ni la yule wa pdf, na isitoshe nusu ya wanafunzi muda huo wako kwenye mwendokasi maiki wazi, utamaliza mwezi unajua vituo vyote vya Kimara na nahau hata moja huna.